Chumvi, Maji na Mfanyakazi Aliyeacha Ugali

(Hotuba ya Halmashauri ya Afya na Usalama, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeichapa yote kwa faida ya ndugu zetu waliokuwa zamu ya usiku siku ile.)



Leo hatukusimama kusema habari za mishahara. Habari hizo zina siku yake na wenye kuzisema wapo. Tumesimama kusema habari za mwili unaokwenda kuutafuta huo mshahara, kwa maana mwili ukianguka, mshahara nao huanguka.

Siku hizi wenzetu wengi wameacha ugali. Wameacha pia mkate, chapati, wali, viazi, chai ya sukari, hata githeri. Wanakula nyama, mayai, samaki, parachichi, mboga za majani na mafuta. Chakula hiki huitwa keto. Wengine wamekifuata kwa kutaka kupunguza uzito, wengine kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, na wengine kwa sababu wamesoma habari zake kwenye simu wakavutiwa. Sisi hatukuja kumkataza mtu, wala kumsifia mtu. Tumbo ni la mwenyewe. Lakini tumeona jambo moja ambalo watu hawaambiwi wanapoanza, nalo ni jambo la chumvi za mwili. Kwa mtu anayekaa ofisini jambo hili laweza kumletea kuumwa na kichwa tu. Kwa mtu anayebeba mzigo, anayepanda ngazi, anayeendesha lori au anayesimama mbele ya tanuri, laweza kumletea msiba.

KISA CHA MWENZETU

Tuliitwa kumtetea mwanachama mmoja mpakiaji wa magunia. Jina lake hatulitaji, wala la tajiri wake. Alikuwa ameacha ugali kwa siku kumi na mbili. Alikula mayai na nyama ya kuchemsha, na kwa kuwa alisikia kwamba chumvi ni mbaya, aliiacha nayo. Maji alikunywa kwa wingi. Saa ya tatu ya zamu aliinama kushika gunia, alipoinuka macho yakaingia giza, akaanguka. Mnyapara alipomsogelea alisikia harufu kinywani mwake, akaandika kwamba mtu huyu amelewa.

Ndugu zetu, mjue ya kwamba mtu anapokula chakula hiki mwili huunguza mafuta, na katika kuyaunguza hutoa vitu viitwavyo ketoni. Moja katika hizo ni asetoni, ile yenye harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nayo hutoka kwa pumzi. Asiyeijua atadhani ni pombe. Mwenzetu huyu hakuwa amegusa pombe. Zahanati ilimpima presha akiwa amelala, ikampima tena akiwa amesimama, ikaona kwamba akisimama presha inashuka sana. Karatasi hiyo ndiyo tuliyoiweka mezani, na barua ya onyo ikaondolewa.

Tumewaeleza haya kwa sababu Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kumfukuza mara moja mtu aliyelewa kazini. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba kabla ya kufukuzwa kwa kosa, mfanyakazi ana haki ya kuelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa na kusikizwa, naye aweza kuwa na mwenzake wa kazini au wakili wa chama pale kazini. Kwa hiyo, ukianguka kazini, kwanza zahanati, pili wakili wa chama. Usitie sahihi karatasi yoyote kichwa kikiwa kinazunguka.

KWA NINI CHUMVI HUKIMBIA

Sasa tueleze sababu yake, maana mtu akijua sababu hatahitaji kukumbushwa kila siku.

Mtu anayekula ugali huweka akiba ya wanga katika ini na misuli. Akiba hiyo yaweza kufika gramu 400 hadi 500, na kila gramu moja hukaa pamoja na maji kama gramu 3. Mtu akiacha wanga, mwili huitumia akiba hiyo kwanza, na maji yake hutoka kwa mkojo. Ndiyo maana wiki ya kwanza mizani hushuka kilo mbili au zaidi, na mtu akafurahi akidhani ni mafuta yaliyokwisha. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji.

La pili ni habari ya insulini. Wengi mwajua kwamba insulini hutawala sukari ya damu. Ina kazi nyingine isiyosemwa sana: huziambia figo zishike sodiamu, yaani ile iliyomo katika chumvi ya kupikia. Mtu akiacha wanga, insulini hupungua, na figo huifungulia sodiamu iende zake. Sodiamu ikienda, maji huifuata. Damu hupungua wingi wake, na presha hushuka mtu anaposimama.

La tatu, mwili ukiona sodiamu inapungua mno, hutafuta njia ya kuizuia; na katika kuizuia, figo hutoa potasiamu badala yake. Kwa hiyo anayekosa chumvi ya kupikia hupoteza na potasiamu pia, na potasiamu ndiyo inayosaidia misuli na moyo kupiga sawasawa. Ni kama nyumba ambayo baba amekosa kazi: kwanza huuzwa kuku, kisha mbuzi.

La nne ni la jikoni kwetu. Ugali wenyewe hatuupiki kwa chumvi. Lakini tazameni vinavyoondoka pamoja nao. Mkate na chapati vina chumvi. Maharagwe, viazi na ndizi ndivyo vinavyotupa potasiamu nyingi. Maharagwe pamoja na mahindi mazima, na unga uliosagwa kwenye posho mill bila kukobolewa, hutupa magnesi. Mtu akiviacha vyote siku moja, amefunga milango mitatu kwa mara moja, wakati ule ule figo zinapotoa nje yaliyokuwamo ndani.

Dalili zake ndizo hizi: kichwa kuuma, uchovu, kisunzi unapoinuka, misuli ya mguu kukakamaa usiku, moyo kwenda mbio, choo kuwa kigumu, na hasira zisizo na sababu. Mara nyingi huanza katika siku chache za kwanza. Watu husema ni mwili kuzoea, mtu avumilie tu. Sisi twasema, mara nyingi si jambo la kuvumilia, ni upungufu wa chumvi na maji, na dawa yake iko jikoni.

HAYA SI MAPYA KWA WAFANYAKAZI

Chakula hiki chenyewe hakikuanza kwenye simu. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, huko Marekani, alikipendekeza kuwa tiba ya kifafa. Kilikuwa chakula cha hospitali, kwa kipimo, chini ya macho ya daktari. Mpaka leo watoto wenye kifafa wanaotibiwa hivyo hupimwa damu mara kwa mara. Mtu anayekianza peke yake hana daktari wa kumtazama, basi na ajitazame mwenyewe.

Na habari ya chumvi na jasho, hiyo ni historia ya wafanyakazi kabisa. Wachimba makaa wa Uingereza waliofanya kazi katika migodi yenye joto walikuwa wakishikwa na misuli kukakamaa kwa maumivu makali. Walikunywa maji mengi, na maumivu hayakwisha. Katika miaka ya 1920 wataalamu K. N. Moss na J. S. Haldane walionyesha kwamba jasho lilikuwa limechukua chumvi, na maji matupu yaliizidi kuizimua ile iliyobaki. Walipopewa maji yenye chumvi kidogo, nafuu ilikuja.

Huko Marekani, wajenzi wa bwawa kubwa la Hoover walifanya kazi bondeni katika joto kali la mwaka 1931, na baadhi yao wakafa kwa joto. Mwezi wa Agosti mwaka huo waligoma. Sababu kubwa ilikuwa kupunguzwa ujira, lakini maji safi ya baridi yalikuwa katika madai yao. Mwaka 1932 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walikwenda pale kupima jasho la wafanyakazi, wakathibitisha habari ya chumvi.

Wakata miwa wa Nicaragua na El Salvador wamepoteza wenzao wengi kwa ugonjwa wa figo, nao wataalamu wanaona kwamba joto, kazi nzito na upungufu wa maji vina sehemu kubwa katika ugonjwa huo. Kilio chao kina maneno matatu: maji, mapumziko, kivuli. Na sisi tunao wakata miwa wetu kule Magharibi na Nyanza, tunao makuli bandarini Mombasa, tunao watu wa mashamba ya chumvi huko Gongoni na Marereni, ambao wanakanyaga chumvi mchana kutwa na huku jasho likiwatoa chumvi.

VIPIMO

Jasho la lita moja laweza kuchukua sodiamu nusu gramu mpaka zaidi ya gramu moja. Mtu wa kazi ya sulubu katika joto aweza kutoa lita moja kwa saa, au zaidi. Fanyeni hesabu wenyewe kwa zamu ya saa nane, mkiweka juu yake na ile inayotolewa na figo za mtu aliyeacha wanga.

Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, ni gramu 5 hadi 6, na ndani yake sodiamu ni gramu 2 na kidogo. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Baadhi ya madaktari wanaosimamia chakula cha keto hutaka mtu apate sodiamu gramu 3 hadi 5 kwa siku, ambayo ni chumvi gramu 7 na nusu hadi 12 na nusu, pamoja na ile iliyomo chakulani.

Mtauliza, tumsikize nani? Jibu letu ni hili. Shauri la kwanza ni la watu wote, na wengi miongoni mwetu wana presha bila kujua. Shauri la pili ni la mtu aliyeacha wanga kweli kweli, ambaye presha yake si ya juu, na moyo na figo zake ni zima. Kwa hiyo usiongeze chumvi kabla ya kupima presha. Na ukirudi kwenye ugali, rudi pia kwenye kipimo cha ugali. Kula chapati huku unakunywa chumvi ya keto ni kujiletea presha kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa mtu mzima mwenye afya ambaye ameshapimwa, twapendekeza mambo haya:

(a) Supu. Kikombe kimoja cha supu ya mifupa, kuku au samaki, chenye chumvi robo kijiko cha chai, kabla ya zamu. Na kingine katikati ya zamu. Robo kijiko ni sodiamu zaidi kidogo ya nusu gramu. Supu ni bora kuliko vidonge vya chumvi, maana vidonge huchafua tumbo. Tumieni chumvi ya kawaida ya dukani, iliyotiwa aidini.

(b) Potasiamu. Shirika la Afya Duniani lashauri angalau gramu 3 na nusu kwa siku. Parachichi moja la kadiri lina kama gramu 1. Vikombe viwili vya mchicha uliopikwa, ule ambao wengine huuita terere, vina gramu 1 na nusu au zaidi. Robo kilo ya nyama au samaki ina karibu robo tatu ya gramu. Jumlisheni, mtaona mmekaribia bila kununua dawa yoyote. Lakini mboga ukiichemsha na kumwaga maji yake, umemwaga potasiamu. Ipike kwa maji machache na uyanywe.

(c) Magnesi. Mwanamume huhitaji kama miligramu 400 kwa siku, mwanamke kama 320. Konzi moja ya mbegu za malenge, yaani gramu 30, ina karibu miligramu 150. Mchicha ule ule wa vikombe viwili una kama 140, na parachichi 50 au zaidi. Mama zetu waliokuwa wakikaanga mbegu za malenge hawakuwa wakipoteza wakati.

(d) Maji. Katika joto, kunywa kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20, badala ya kungoja kiu kisha kumeza chupa nzima. Usipite lita moja na nusu kwa saa. Anayekunywa maji matupu kupita kiasi huzimua damu yake, na hilo laweza kuleta kuchanganyikiwa, kifafa, hata kifo.

Na madafu je? Ndugu zetu wa pwani wameuliza. Madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu chache, tena yana sukari kiasi. Ni kinywaji kizuri, lakini hayashiki nafasi ya supu. Na magadi? Magadi nayo ni chumvi ya sodiamu. Anayelainisha mboga kwa magadi ayahesabu, asidhani hajala chumvi.

WASIOPASWA KUJIAMULIA

Hapa twaomba mtusikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote.

Mwenye ugonjwa wa figo asijiongezee chumvi wala potasiamu. Figo mbovu haziwezi kuitoa potasiamu, nayo ikizidi katika damu husimamisha moyo. Vidonge au unga wa potasiamu asivitumie mtu yeyote bila daktari. Ile ya chakulani ndiyo salama kwa mtu mwenye figo nzima. Tazameni pia chumvi zinazouzwa kwa jina la chumvi ya wenye presha: nyingi zimetiwa potasiamu mahali pa sodiamu.

Anayetumia dawa za presha amwone daktari kabla ya kuacha wanga. Dawa nyingine za presha hutoa chumvi na maji kwa mkojo, naye atapungukiwa mara mbili. Nyingine, kama enalapril na losartan, huizuia potasiamu isitoke.

Mwenye ugonjwa wa sukari anayedunga insulini au kumeza glibenclamide, akiacha wanga bila dawa kupunguzwa, sukari yaweza kushuka akapoteza fahamu. Dereva wa basi au mwendesha winchi akipatwa na hilo, hafi peke yake. Na anayetumia dawa za jamii ya dapagliflozin na empagliflozin asifuate keto bila daktari, kwa kuwa damu yaweza kuingia asidi ya hatari hata sukari ikionekana si ya juu. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha nao waulize kwanza.

Tena, ukishikwa na kuhara au kutapika, acha habari ya keto siku hiyo. Kunywa dawa ya maji ya chumvi na sukari inayotolewa zahanati. Sukari ile haikutiwa kwa utamu. Ndiyo inayoibeba chumvi kupita katika ukuta wa utumbo. Kama huna pakiti, tia lita moja ya maji safi vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe. Wengine huitoa sukari kwa sababu ya keto, na hivyo huiondolea dawa nguvu yake.

Na mtu akichanganyikiwa kwa joto, akazirai, au moyo ukaenda ovyo na kifua kikabana, hiyo si kazi ya supu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na gari la hospitali liitwe mara moja. Asiye na fahamu msimpe kitu mdomoni.

WAJIBU WETU NA WAJIBU WA TAJIRI

Mpaka hapa tumesema ya mtu mmoja mmoja. Lakini kikombe cha maji kila dakika 20 kinataka bomba lililo karibu na ruhusa ya kuliendea. Twajua mahali ambapo bomba liko mwendo wa dakika kumi, na kwenda huko huandikwa kuwa ni kutoroka kazi. Twajua kina mama ambao hawanywi maji zamu nzima kwa kuwa hakuna choo cha kuaminika. Mtu wa namna hiyo, awe amekula ugali au ameacha, anakaushwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa ya kutosha, mahali panapofikika kwa urahisi. Hayo ni maji ya haki. Sheria hiyo yataka pia halmashauri ya usalama na afya mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Mahali pasipo na halmashauri hiyo, mawakili wa chama waidai kwa barua, na nakala ije kwa chama.

Twawaomba mawakili wafanye mambo manne mwezi huu. Wahesabu hatua kutoka mahali pa kazi mpaka kwenye maji. Waulize kantini kama supu yaweza kuwako kila zamu, kwa bei ya mfanyakazi. Wamweleze mnyapara habari ya harufu ya asetoni kabla hajaandika barua, si baada. Na waandike kila mtu aliyeanguka au kuona kisunzi kazini: siku, saa, kazi aliyokuwa akifanya, na kama alikuwa amepata maji. Daftari la namna hiyo ndilo litakalotusemea mbele ya mwajiri na mbele ya mkaguzi.

Wafugaji wetu hawangojei ng'ombe aanguke. Kila baada ya muda humpeleka penye chumvi, alambe, kisha anywe maji. Kama ng'ombe anatunzwa hivyo, mfanyakazi asipewe pungufu.

Anayekula ugali na ale kwa amani. Aliyeuacha asiache na chumvi. Na sote pamoja tudai maji, mapumziko na kivuli, tukianza na kile kitabu cha hatua ambacho mawakili watakirudisha kwenye mkutano ujao.